Mizani Isiyopimwa: Usawa wa Kulazimishwa katika Bunilizi za Distopia

Yamezuka mazoea miongoni mwa wahakiki ya kuzisoma bunilizi zote za distopia kana kwamba zilitungwa kuthibitisha jambo moja tu: kwamba usawa ni ndoto ya wajinga, na anayeifuata ndoto hiyo huishia mikononi mwa dikteta. Kwa mujibu wa usomaji huu, Yevgeny Zamyatin, George Orwell, L. P. Hartley na Kurt Vonnegut ni mashahidi wa upande mmoja, na hukumu imekwisha kutolewa kabla ya matini kufunguliwa. Makala haya yanashikilia kwamba usomaji huo ni wa kivivu na, zaidi ya hayo, una madhara. Unaificha hatari halisi waliyoiona watunzi hao, na unamkabidhi mwenye nacho silaha ambayo fasihi haikumpa.

Hadithi fupi ya Vonnegut, "Harrison Bergeron", iliyochapishwa mwaka 1961, ndiyo hutajwa mara nyingi zaidi. Mwaka ni 2081. Katiba ya Marekani imerekebishwa hata watu wote wamekuwa sawa kwa kila hali. Mwenye nguvu hubebeshwa mizigo, mwenye sura nzuri hufunikwa uso, na mwenye akili hutiwa sikioni redio inayompigia kelele kila baada ya sekunde 20 asije akaunganisha wazo na wazo. George, babake Harrison, amefungwa shingoni mfuko wa marisau wenye uzito wa ratili 47. Kila punje atakayoitoa itamgharimu kifungo cha miaka miwili na faini ya dola 2,000. Hofu ya Vonnegut ni ya kweli, wala haifai kupunguzwa. Usawa huu haumwinui yeyote. Hazel, mke wa George, hapati hata chembe ya akili kutokana na kelele zinazomtesa mumewe. Mwanawe anauawa mbele ya macho yake kwenye televisheni. Analia, kisha anasahau kilichomliza. Sheria iliyojidai kumtetea haikumpa hata uwezo wa kuomboleza.

Hata hivyo, wanaoishangilia hadithi hii huruka mambo mawili. La kwanza ni Diana Moon Glampers, Mlemazaji Mkuu, anayesimamia ulinganifu wa raia wote. Hadithi haimwonyeshi akibeba mzigo wowote. Inamwonyesha akibeba bunduki, na shabaha yake haina kasoro. La pili ni Harrison mwenyewe. Kijana huyu wa miaka 14 anapojivua vyuma hatangazi uhuru wa wote. Anajitangaza mtawala mkuu ambaye amri yake haina budi kutiiwa papo hapo. Anayemwona kuwa shujaa wa uhuru hana budi kueleza ni uhuru wa namna gani huo unaoanza kwa kudai utiifu. Kinaya cha Vonnegut kinawachoma wote wawili: aliyeshika bunduki na aliyetaka taji.

Orwell naye hulazimishwa kutoa ushahidi asioutoa. *Animal Farm* ilitoka mwaka 1945, na tafsiri ya Fortunatus Kawegere, *Shamba la Wanyama*, ilichapishwa Nairobi mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Katika kisa hicho hakuna mnyama aliyefungwa uzito ili alingane na mwenzake. Maziwa yanatoweka mara tu baada ya mapinduzi, na nguruwe wanayachukua kwa hoja kwamba kazi ya ubongo inayahitaji. Ugonjwa wa shamba hilo ni usawa uliosalitiwa, si usawa uliopita kiasi. Kuuchanganya na ugonjwa wa mwaka 2081 ni kama kumpa mwenye homa dawa ya jeraha.

Kinachoziunganisha kazi hizi ni kwamba mshika mizani hapimwi. Katika riwaya ya Zamyatin, *We*, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1924, raia wana nambari badala ya majina na wanaishi ndani ya kuta za vioo, lakini juu yao yupo Mfadhili. Katika *Facial Justice* ya Hartley, ya mwaka 1960, wanawake wazuri wanashawishiwa kubadilishiwa nyuso ili wasiamshe wivu, naye Dikteta anatawala kwa sauti bila kuonekana uso. Kila panapoundwa ulinganifu kwa nguvu, huzaliwa cheo kipya kisicholingana na chochote. Usawa wa kulazimishwa hujipinga wenyewe kabla haujawadhuru wengine.

Madhara ya usomaji wa kivivu si ya darasani tu. Mwaka 2001, katika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, Jaji Antonin Scalia aliitumia hadithi hii katika maoni yake ya kupinga uamuzi uliomruhusu mchezaji wa gofu mwenye ulemavu wa mguu kutumia kigari mashindanoni. Hadithi inayolaani kuwafunga wazima uzito ikageuzwa hoja dhidi ya kumpunguzia uzito mlemavu! Kigari cha mtu mmoja hakiwakati wenzake miguu. Mwaka 2005 mawakili wa kesi ya fedha za shule jimboni Kansas waliitumia tena, na Vonnegut, aliyekuwa bado hai, aliipinga tafsiri yao: hadithi yake ilihusu akili na vipawa, na utajiri si ushahidi wa kimojawapo.

Wapo watakaojibu kwa methali kwamba vidole vya mkono havilingani. Ni kweli, lakini mkono hauli kwa kidole kimoja, wala damu haikinyimi kidogo kwa sababu ya ufupi wake. Fasihi ya Kiswahili imelipima suala hili kwa uangalifu zaidi. Euphrase Kezilahabi, katika *Gamba la Nyoka* (1979), anawaonyesha wakulima wakisukumwa vijijini kwa nguvu, kama ilivyotukia Tanzania katika miaka ya 1970. Jeraha la riwaya hiyo ni nguvu iliyotumika. Katama Mkangi, katika *Walenisi* (1995), anaibuni jamii ya walio sawa ili kuiaibisha jamii inayonyonyana. Mhakiki asiyeweza kuwasoma wote wawili bila kumtupa mmoja hajaielewa distopia wala utopia.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila bunilizi ya aina hii si kama watu wamefanywa sawa. Ni nani aliyepewa mizani, anapunguza au anainua, na nani anaweza kumwondoa? Mwanafunzi anayefunzwa kuogopa neno "usawa" pekee atatoka darasani akiwa hajui kumtambua Diana Moon Glampers, hasa atakapokuja akijiita mtetezi wa uhuru.