Umechanga ya mafuta, ya matairi je?

Likizo ikikaribia, kwenye kila kundi la WhatsApp la mabeshte wa Malindi hatakosa mtu wa kusema, "Wasee, si tuingie Nairobi wikendi hii?" Ndani ya nusu saa watu wameshagawana mafuta, nyimbo zimepangwa, kuna wa kuleta viazi karai na kuna wa kuleta spika ya ziada. Gari ni la yule mmoja aliyeachiwa na mjomba wake. Lina miaka ishirini na kitu. Hakuna anayeuliza hali yake.

Mimi ndiye yule mmoja. Na maoni yangu leo ni haya, ukiyaona makali nisamehe: kama unaingia kwenye gari kuukuu la mwenzako kwa safari ya karibu kilomita 600, ukachanga mafuta peke yake, wewe bado hujachanga. Umelipia kile gari linachokunywa. Kile linachokula, yaani matairi, breki, mikanda na oili, umemwachia mwenye gari. Na mwenye gari mara nyingi ni kijana kama wewe, hana chapaa, anaona haya kusema hana, basi ataendesha vivyo hivyo.

Nianze na langu usije ukadhani nakuhubiria.

Desemba iliyopita nilimpeleka mama Nairobi kwenye harusi ya binamu. Gari dogo la mwaka 1998. Wiki moja kabla nilikuwa nimetumia shilingi 18,000 kwa spika za nyuma. Tulitoka asubuhi jua limeshapanda, tukapitia Kilifi kuaga jamaa, tukala, tukaaga tena, na kufika nyika ya Taru ikawa ni jua la utosi. Kati ya Taru na Maungu mshale wa joto ulianza kupanda. Niliuona. Nikajiambia utashuka wenyewe, nikaongeza sauti ya muziki.

Haukushuka. Mvuke ulipotoka chini ya boneti nilisimama pembeni, na kwa ujinga wa mtu mwenye haraka nikakifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa papo hapo. Alama yake ninayo mpaka leo, kutoka kiganja cha mkono wa kulia hadi karibu na kiwiko. Mama alikaa chini ya mgunga saa nne nzima, leso kichwani, akiyapungia malori. Hakunilaumu hata neno moja, na hilo liliniuma kuliko mkono. Tulivutwa mpaka Voi. Nikaha ilifungwa bila sisi, mama aliisikiliza kwa simu.

Sasa mdogo wangu wa kike amepata nafasi ya chuo kikuu Nairobi. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, hadithi ndefu ya ada na ya mimi mwenyewe, si ya leo. Lakini huyu ataingia, na godoro lake, ndoo yake na begi mbili, na dereva ni mimi. Ndiyo sababu safari hii nilikwenda kwa fundi nikakaa siku nzima badala ya kuacha ufunguo na kupotea.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Kigiriama. Aliitoa rejeta, akachokoa kwa bisibisi, akanionyesha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika.

"Ulikuwa ukitia maji gani, mwanangu?"

"Ya kisima, mzee."

Akacheka. "Basi gari hili si bovu. Umelinywesha chumvi."

Hapa nataka tukae kidogo, maana hili ni letu watu wa pwani na hutalisikia kwenye video za YouTube za mafundi wa Ulaya. Maji ya mfereji ya Malindi na Kilifi yanatoka Baricho, kwenye mto Sabaki. Yakikatika, na yanakatika, tunarudi visimani, na visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Hatuyanywi. Hata chai tukiyapikia inachukiza. Lakini asubuhi tunachukua chupa ya lita mbili tunayamimina kwenye rejeta bila kufikiri, kisha mwaka mzima injini inayachemsha. Maji yakipungua chumvi na chokaa vinabaki, vinaganda ndani ya vile vijia vyembamba, na rejeta inabaki kubwa kwa nje tu. Ukienda Mombasa na kurudi huwezi kujua. Barabara ni tambarare, upepo wa bahari upo. Utajua Taru.

Maana Nairobi haiko mbali tu, iko juu. Ule mto Sabaki unaomwaga matope baharini pale kaskazini mwa Malindi ndio Galana, na Galana ndiyo Athi, ule ule unaoanzia kule karibu na Nairobi. Maji yameteremka njia yote hiyo kuja kwetu. Wewe na gari lako la 1998 mnaupanda mteremko huo kinyume, kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,700, mkiwa watu watano na mizigo.

Na ukipanda, maji huchemka mapema. Hapa kwetu ni nyuzi 100, Nairobi ni kama 94 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Changu mpira wake ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama kucha. Kifuniko! Nilikuwa na spika za 18,000 na kifuniko cha rejeta kilichokufa, ambacho bei yake haifiki hata ya waya za spika hizo.

Kwa hivyo: rejeta isafishwe, mipira yake ibonyezwe kwa mkono kama imelegea au imepasuka, na ndani mtie kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Kuna watu watakwambia kulanti ni ya wazungu wenye barafu. Si kweli, inazuia kutu na inafanya maji yachelewe kuchemka. Na fundi akikuambia atoe themostati "kwa sababu huku ni joto," mkatalie kwa heshima. Wengi wamezoea kuitoa. Injini hukaa baridi, inakunywa mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe unafichwa tu. Kama imekwama inunuliwe nyingine.

Siku gari likianza kuchemka barabarani, zima AC, fungua hita mpaka mwisho (ndiyo, mtaungua, vumilieni), na utafute pa kusimama salama. Kifuniko usikiguse mpaka injini ipoe kabisa. Mkono wangu ndio ushahidi.

Matairi. Hapa ndipo wewe abiria una kazi. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi yanayoanza na DOT, na mwisho wake tarakimu nne. 3517 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2017. Wakati mwingine yako upande wa ndani, kwa hivyo itabidi uiname. Watengenezaji wengi husema tairi lisipite miaka kumi hata kama maua yake bado yapo, maana mpira huzeeka kwa jua kama ngozi, na jua letu unalijua. Spea yangu ilisoma 1108. Wiki ya 11, mwaka 2008. Nilikuwa darasa la kwanza. Imekaa ndani ya buti miaka yote hiyo, nzuri, imenona, ina nyufa ndogondogo kila mahali. Ukienda kununua ya mtumba angalia tarehe kabla ya bei, kwa sababu rangi nyeusi wanayopaka inafanya kila tairi lionekane la juzi.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kwa kawaida kuna kibandiko kinachosema kiasi cha upepo gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Sisi hupiga ile ya tupu halafu tunapakia ya kuhama nyumba.

Tuseme ukweli kuhusu mizigo. Hakuna Mpwani anayekwenda Nairobi mikono mitupu. Ukishatangaza safari, shangazi wa Gede analeta nazi thelathini, mama mdogo wa Kilifi analeta gunia la maembe la mtu wa Kayole, mwingine ana achari na halwa "kidogo tu." Gari linakaa chini nyuma, taa za mbele zinaangalia mbinguni na kuwapofusha wa mbele, breki zinahitaji nafasi ndefu zaidi. Na kumwambia shangazi hapana ni kazi ngumu kuliko kubadilisha gia-boksi.

Breki sitaki kukuchosha nazo. Pedi zitazamwe, na mafuta ya breki yabadilishwe, si kuongezwa. Yanavuta unyevu wa hewa, na hewa ya huku ni unyevu mtupu. Yakiwa na maji yanaweza kuchemka ukiyatumia sana, kanyagio likaenda mpaka chini bila kitu. Watengenezaji wengi wanashauri kila miaka miwili hivi. Niliulizwa langu lilibadilishwa lini, nikatazama kando. Gari likiwa juu, mwambie fundi apige tochi chini kote, kwa ajili ya kutu. Hewa ya chumvi hula vyuma vya chini na mabomba ya breki polepole.

Halafu lijaribu. Si asubuhi ya safari, wiki mbili kabla. Kwetu tuna bahati, tuna mlima wa mtihani. Toka Malindi hadi Mavueni, pale ukishavuka daraja la Kilifi, kisha ukate kulia njia ya Kaloleni mpaka Mariakani. Ni kama kilomita 115. Pandisha ile milima ya Kaloleni saa saba mchana, AC ikiwaka, watu wanne ndani. Mshale ukitulia katikati, mna gari. Ukipanda, mmejua mkiwa karibu na nyumbani, si katikati ya Tsavo, kati ya Voi na Mtito Andei, ambako ndovu wanavuka barabara na karakana ni za kuhesabu.

Najua kuna atakayesema, huu wote ni usumbufu, si mpande SGR? Kweli. Tangu 2017 treni ipo, na mabasi yalikuwepo zamani. Gari likifeli mtihani wa Kaloleni, basi au treni si aibu. Ninachokataa ni ile njia ya katikati, ya kujua gari halifai na kwenda tu kwa sababu picha za TikTok zimeshapangwa. Kwa takwimu za NTSA za miaka ya karibuni, zaidi ya watu 4,000 hufa kwenye barabara za Kenya kila mwaka. Si wote ni kwa ajili ya ubovu wa gari, wengi ni mbio, pombe na kupita malori pasipofaa. Lakini mbio za gari lenye matairi ya 2008 si mbio za gari jipya. Sheria ina kikomo chake cha mwendo kwa gari dogo kwenye barabara kuu. Langu mimi nimelipa 85.

Kwa hivyo turudi kwenye lile kundi la WhatsApp. Mtu akisema twende, swali la kwanza liwe: matairi ni ya mwaka gani, rejeta ilioshwa lini, spea ina upepo, jeki na pembetatu mbili zipo? Abiria ana haki ya kuuliza, roho ni yake. Mwenye gari asichukie. Na jibu likiwa "bado," mchango uanzie hapo. Tairi moja likigawanywa kwa watu watano si pesa ya kuvunja urafiki. Tunachanga fulana za safari zenye majina yetu mgongoni, tutashindwa na kifuniko cha rejeta?

Nyumbani tulifanya hivyo. Jamaa walikuwa wamepanga kafla ya kumuaga mdogo wangu, hema na spika na mpishi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Kaka, waambie pesa ya hema waitie kwenye matairi, mimi nataka kufika." Wazee wawili walinuna, wakatoa. Tumenunua mapya mawili ya mbele na spea moja ya mtumba ya 2022, na sherehe ikawa ni pilau chini ya mwembe.

Alhamisi tuliipanda Kaloleni saa saba kasorobo, yeye akiwa kiti cha mbele akikodolea mshale macho kuliko mimi. Haukusogea. Tunatoka Jumamosi saa kumi ya alfajiri, tuwe tumepita Taru kabla jua halijakasirika. Shangazi wa Gede ameshapiga simu kuhusu nazi. Nimemwambia kumi. Amesema kumi na tano. Bado tunazungumza.