Dhoruba na Deni

Msomaji, wewe ambaye theluji waiona kwa mbali tu juu ya kilele cha Kirinyaga, pengine utauliza: dhoruba za baridi na wauza motokaa wa Marekani zanihusu nini? Nisikilize, kwa maana hoja yangu si theluji. Hoja yangu ni deni.

Ukipita penye duka la motokaa katika mji kama Dallas, utaona uwanja mpana umejaa magari mapya yanayong'aa, ukadhani mwenyewe ni tajiri mkubwa. Mara nyingi sivyo. Magari yale kwa kawaida yamenunuliwa kwa mkopo, na kila moja ni rehani ya mkopeshaji hadi litakapouzwa. Riba yake huhesabiwa siku kwa siku, jua liwake au theluji ianguke. Tuchukue mfano. Mtu ana magari 100, na kila moja limekopewa dola 40,000. Deni lote ni dola 4,000,000. Riba ikiwa asilimia 8 kwa mwaka, kila kukicha yampasa kulipa dola 877 hivi, hata kama hakuuza tairi moja.

Sasa dhoruba na ije. Mwezi wa Februari 2021 baridi kali iliishukia Texas. Tarehe 16, Dallas ilifikia nyuzi 19 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi. Nyumba na majengo zaidi ya milioni 4 yalikatikiwa umeme, na serikali ya jimbo ikahesabu watu 246 waliokufa. Barabara ziliganda. Nani angetoka siku zile kwenda kununua motokaa? Lakini riba haikuganda.

Wako wasemao: "Hayo ni majaliwa, nani awezaye kushindana na mbingu?" Nayakataa maneno hayo. Baridi ni majaliwa, lakini kutojiandaa ni uzembe. Texas ilikwisha kupigwa na baridi mwezi wa Februari 2011, umeme ukakatika, na mwaka ule ule wachunguzi wa serikali kuu wakashauri mitambo ikingwe. Shauri hilo halikushikwa ipasavyo, na miaka 10 baadaye watu walilipa kwa maisha yao. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Wengine hujisifu: "Sisi tuko tayari. Chumvi tunayo, na makoleo, na mifagio laini isiyokwaruza rangi. Mabomba tumeyafunika, na bima tumelipa." Vema sana. Lakini chumvi huyeyusha barafu, haiyeyushi deni. Bima ya magari hulipia gari lililoharibika. Haimfariji mwenye gari zima lililokosa mnunuzi. Tena fedha za kukopa hubadilika bei. Mwanzoni mwa mwaka 2022 riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Ilipofika Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Uwanja ni ule ule, theluji ni ile ile, lakini kila siku ya kukaa bure imekuwa ghali zaidi.

Na usidhani hasara humwangukia mwenye duka peke yake. Wauzaji wake wengi hupata ujira kwa fungu la kila gari waliloliuza, na mafundi wengi hulipwa kwa kazi iliyokamilika. Siku mlango ufungwapo, hao ndio wa kwanza kulala njaa, nao hawakukopa chochote.

Kwa hiyo nasema: aliye tayari kwa dhoruba ni yule aliyeagiza magari machache kabla ya miezi ya baridi, akaweka akiba ya kutosha riba na mishahara ya majuma kadhaa, akapatana na mkopeshaji wake mapema, kwa maandishi, itakuwaje barabara zikifungwa. Mkopeshaji naye hana haki ya kuketi penye moto akihesabu siku. Mdeni akianguka, atabaki na uwanja wa magari yaliyofunikwa na theluji, na wanunuzi hawapo.

Wala usiseme, msomaji, kwamba kwetu hakuna theluji. Kila biashara ya mkopo ina dhoruba yake, na wahenga wetu walikwisha kutuonya: kukopa harusi, kulipa matanga.