Mkataba wa Shanga

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno haya ni ya kweli, lakini wengi wetu twayafahamu vibaya. Twadhani kuwa daftari ni karatasi na wino tu, na kwamba watu wasiokuwa na herufi hawakuwa na kumbukumbu. Neno hili limesemwa hata katika midahalo yetu hapa shuleni, nami nataka kulipinga.

Na tuwatazame Haudenosaunee, ambao Wazungu waliwaita Iroquois. Hao ni wenyeji wa nchi ambayo leo ni jimbo la New York, Marekani. Hapo kwanza walikuwa mataifa matano yaliyoungana: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca, baadaye Tuscarora wakawa wa sita. Mapatano yao waliyaweka katika mishipi ya shanga ziitwazo wampumu. Shanga nyeupe zilichongwa kwa makoa ya konokono wa baharini, na za zambarau kwa kombe gumu la pwani. Mjumbe aliyekuja barazani bila wampumu, maneno yake hayakuwa na uzito. Kuupokea mshipi ilikuwa ni kuyapokea maneno yenyewe.

Wazungu walilijua jambo hili vizuri. Mwaka 1764, huko Niagara, Sir William Johnson, mjumbe wa Mfalme wa Uingereza, yeye mwenyewe alitoa mshipi mbele ya wajumbe wa mataifa mengi ya wenyeji. Basi si haki kusema kwamba hayo yalikuwa mapambo tu.

Pengine mwenzangu atasema: "Mshipi hausemi. Akifa aujuaye, mkataba umekufa naye." Hoja hii ina nguvu. Lakini wenye mishipi waliijua hatari hiyo kabla yetu. Waliweka watunzaji, na mishipi ilitolewa barazani na maneno yake kusemwa tena, vijana wakisikia. Karatasi, je? Mara nyingi hufungiwa kabatini, na anayeikumbuka ni karani peke yake.

Tena, karatasi haimlazimishi mtu kuwa mwaminifu. Mwaka 1794, huko Canandaigua, Marekani na Mataifa Sita walifanya mkataba wa amani. Uliandikwa kwa wino, na mshipi mrefu ukafumwa wenye sura za watu 13, kwa idadi ya majimbo ya kwanza ya Marekani, wakishikana mikono na watu wawili walio kando ya nyumba. Katika karatasi Marekani iliahidi kwamba haitaidai kamwe ardhi ya Seneca. Hata siku hizi serikali hiyo hupeleka vitambaa kila mwaka kwa mujibu wa mkataba huo. Lakini lilipotakiwa bwawa la Kinzua, Seneca walishindwa mahakamani, na mwaka 1961 Rais John Kennedy alikataa kulizuia. Lilipokwisha kujengwa, mwaka 1965, kiasi cha eka 10,000 za ardhi yao zilikuwa zimetwaliwa, na jamaa nyingi zimehamishwa. Karatasi haikupotea, na wino haukufutika. Kilichokosekana ni watu wa upande wa pili walioona kuwa ahadi ya babu zao inawafunga na wao.

Kwa miaka mingi mishipi mingi ilikaa katika jumba la makumbusho la jimbo la New York. Watu waliitazama kama vitu vya kale. Mwaka 1989 mishipi 12 ilirudishwa kwa Onondaga, ikawa tena mikononi mwa watu wanaojua maneno yake. Hapo ndipo mahali pake.

Sisemi kwamba tuache kuandika. Sisi ni wanafunzi, na kalamu ndiyo jembe letu. Nasema tu kwamba daftari, liwe la karatasi au la shanga, ni bure kama hakuna wa kulisoma kwa sauti na kulitii.

Likizo inakaribia. Huko nyumbani wako wazee wanaojua mipaka ya mashamba, mahari zilizolipwa na mapatano ya koo, wala hawakuandika hata neno moja. Anayedhani kwamba babu yake hana daftari, na akae naye jioni moja amwulize. Kisha alete kalamu.