Wewe wa kwenye simu ndiye wewe



Wiki hii nilimwita ndugu mmoja wa kanisa letu. (Amenikubalia niandike, bila jina.) Alikuwa ameweka kwenye stetasi yake maneno kuhusu majirani zetu wanaouza mbuzi hapa Kiamaiko, maneno ambayo sitayarudia. Jumapili iliyotangulia ndiye aliyetuongoza kuombea mtaa. Akanijibu, "Pasta, hiyo ni mitandao tu. Wewe unanijua."

Hapo ndipo ninapokataa. Mimi ninakujua ukiwa umepiga shati pasi, mashemasi wako mlangoni na mama mchungaji anakutazama. Saa tano usiku, uko kitandani na simu, hakuna anayekutazama, ndipo ulipoandika. Kati ya hao wawili, ni yupi aliyevaa nguo ya kuazima?

Fungua 2 Wakorintho 10:10-11. Watu walimsema Paulo kwamba kwa barua ni mkali lakini akija mwenyewe ni mnyonge. Paulo angeweza kujitetea kwamba barua ni barua tu. Hakufanya hivyo. Aliwaambia kwamba yule wanayemsoma akiwa mbali ndiye watakayemwona akifika. Je, wewe unaweza kusema hivyo juu ya yale uliyoposti mwaka huu?

Najua kuna atakayesema watu huigiza mtandaoni. Ni kweli, wengine hupiga picha kando ya gari la mwenyewe. Lakini hata huyo ametuambia anachokitamani. Na picha moja inaweza kudanganya, ila miaka mitatu ya maneno haiwezi. Rudi nyuma usome ulimcheka nani, na ni msiba wa kabila gani uliokufanya uweke vikatuni vya kucheka.

Wengine wanaogopa sheria tu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema uchochezi wa kikabila ni faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ni sawa iwepo. Lakini mtu aliyenyamazishwa na faini bado ana maneno yake ndani.

Sasa nijiseme mimi. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilisimamisha matangazo ya moja kwa moja, tukabaki na simu zetu na hofu zetu. Nilipokea SMS kwamba kabila fulani linakuja usiku. Sikujua kama ni kweli. Niliituma kwa watu kumi na mmoja, na nilikuwa nimeokoka! Hakuna aliyekuja usiku huo. Lakini asubuhi familia moja ya kabila hilo, hapo kwenye ploti yetu, ilifunga godoro na sufuria ikahama. Mimi nilijua kwa nini.

Januari hiyo hiyo ya 2008, mwanasheria Mkenya aitwaye Ory Okolloh alikuwa akiandika kwenye blogu yake, Kenyan Pundit, yale yaliyokuwa yakitokea. Akaomba wajuzi wa kompyuta wasaidie kuonyesha kwenye ramani mahali watu wanapoumizwa. Ndivyo ilivyoanzishwa Ushahidi. Alikuwa na nchi ile ile niliyokuwa nayo, na siku zile zile mbaya. Yake ilitoka ikiwa ushahidi, yangu ikatoka uchochezi. Soma Luka 6:45 uone Yesu anasema maneno hutoka wapi. Siwezi kulaumu simu yangu ya wakati ule.

Kama umeandika kitu kinachomuumiza mtu, kifute leo. Ila usije kuniambia kwamba umetubu kwa sababu umefuta. Kufuta ni kupunga moshi, na jiko bado linawaka.

Ndugu yetu tutaenda naye Jumatano sokoni, kwa muuza mbuzi mmoja ambaye aliyaona yale maneno. Ataongea yeye, mimi nitasimama kando. Yule jirani wangu wa ploti nimemtafuta mpaka leo, sijampata.