USIUZE UA WA BABU YAKO: MITI YA OLD KAMPALA NI AMANA



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaotusoma kutoka hosteli za Kikoni na Wandegeya, leo nina maneno ambayo yatawaudhi baadhi ya watu wa nyumbani kwangu. Nimenyamaza tangu mwezi wa Ramadhani, na sasa naona kunyamaza kumekuwa sawa na kukubali.

Nyumba ya marehemu babu yetu iko kwenye mteremko wa Old Kampala, upande unaotazama kilima cha Makerere. Ni nyumba ya zamani ya bati, baraza mbele, ua mkubwa nyuma. Uani kuna mfenesi mmoja, miembe miwili na mparachichi ambao jaja aliupanda mwenyewe. Babu alikuwa fundi cherehani. Hakutuachia pesa benki, alituachia ua huo. Amekuja mtu na bahasha. Anataka kung'oa kila kitu na kusimamisha hosteli ya ghorofa tano, kutoka ukuta hadi ukuta. Tumeitana kikao cha familia mara tatu. Kaka yetu mkubwa alisema neno moja ambalo nimelisikia katika nyumba nyingi za Waislamu wa mji huu: "Mti haulipi ada ya shule."

Makala hii ni jibu langu kwa neno hilo.

MTAA WETU NI MTAA GANI?

Wengi tunaishi hapa bila kujua tunaishi wapi. Kilima hiki ndicho kilichobeba jina la mji. Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi yake hapa mwezi wa Desemba 1890, na ngome yake ikawa mwanzo wa Kampala ya serikali. Baadaye ofisi zilihamia Nakasero, kilima kikabaki na maduka ya Wahindi, shule, nyumba zenye baraza na barabara zenye kivuli. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa na nyumba nyingi zikabadilisha watu. Leo juu kabisa umesimama Msikiti wa Taifa, uliofunguliwa mwaka 2008.

Ng'ambo yetu kiko Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na ambacho kwa miaka mingi kilisomesha vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Yaani mtoto anayezaliwa mtaa huu anaamka asubuhi anaona msikiti upande mmoja na chuo kikuu upande wa pili. Kuna wazee mashambani wanaouza ng'ombe ili watoto wao wafike karibu na neema hiyo. Sisi tumezaliwa ndani yake, na tunaiuza kwa futi za mraba!

PAAKA BILA MTI HATA MMOJA

Sasa nikuulize, ndugu msomaji. Ukimwambia mtoto wa Kampala, "Twende paaka," atafikiria nini? Atauliza nauli iko wapi, kwa sababu paaka anayoijua ni ile ya teksi, yenye moshi na makondakta. Neno ambalo kwa watu wengine ni bustani, nyasi na watoto wanaokimbia, kwetu limekuwa jina la kituo cha magari.

Bustani tulikuwa nazo. Uwanja wa Katiba, ule mbele ya Mahakama Kuu, ulikaa miaka mingi chini ya ulinzi wa polisi baada ya maandamano ya mwaka 2011, na mwananchi hakuweza kukaa pale na watoto wake kwa raha. Centenary Park, iliyopewa jina kwa heshima ya miaka mia ya mji, ilijaa migahawa na mabaa, na ugomvi wa mikataba yake ukafika mahakamani. Sehemu ya kiwanja cha gofu cha Kitante ikajengwa maduka na hoteli. Mwaka 2006 shule ya Shimoni ilivunjwa ili mwekezaji ajenge hoteli, na ardhi ile ikakaa tupu kwa miaka huku wanafunzi wameshahamishwa.

Tulilalamika sana juu ya hayo, na tulikuwa na haki. Lakini Mabira ilipotaka kukatwa ili kulima miwa, mwaka 2007 watu waliingia barabarani na wengine walipoteza maisha. Msitu ule uko mwendo wa gari kutoka hapa. Miti iliyo uani kwetu tunaikata wenyewe, kimya kimya, tena tunamlipa mwenye msumeno.

PANDA MNARA UTAZAME

Kama unadhani natia chumvi, panda mnara wa Msikiti wa Taifa siku isiyo na ukungu, halafu zunguka taratibu. Utaona kijani Makerere, ndani ya uzio wa chuo. Utaona kijani Namirembe, kulizunguka kanisa kuu. Utaona kijani Nakasero, kwenye nyumba za serikali na za wenye uwezo. Utaona kijani cha kiwanja cha gofu. Kwingine kote ni bati na saruji.

Je, umegundua kitu? Kijani kimebaki pale ambapo ardhi haigawanywi. Chuo hakifi kikarithiwa na watoto kumi. Kanisa haligombani na shangazi zake juu ya kiwanja. Sisi watu wa familia moja moja ndio tuliopukutisha miti, kwa sababu kila mzee akifa tunakata ardhi vipande, na kila kipande kinakuwa kidogo mno kubeba mfenesi.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa ya jambo hili iko kwetu! Sayyidna Umar (Radhiya Allahu 'anhu) alipopata ardhi nzuri Khaybar alimwendea Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kutaka ushauri. Akaelekezwa kuizuia asili yake na kutoa matunda yake sadaka, basi ardhi ile ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Hiyo ndiyo waqf. Wala hatuhitaji kwenda mbali kuona faida yake. Tazama Kibuli. Prince Badru Kakungulu alitoa ardhi yake, na leo kilima kile kina msikiti, shule, hospitali na tawi la Chuo Kikuu cha Kiislamu. Ni watoto wangapi wamesoma pale na kutibiwa pale? Lau angeuza viwanja, tungekuwa tunaulizana hosteli ya nani ni ndefu zaidi.

MAJI HAYANA ADABU

Kuna jambo jingine, nalo linagusa haki ya jirani. Old Kampala ni kilima, na mvua ya Kampala mnaijua. Ua wenye nyasi na mizizi hunywa maji mengi kabla hayajateremka. Ukiufunika ua wote kwa saruji na pevazi, maji hayana pa kuingia. Yanashuka yote kwa pamoja, na yanashukia Kisenyi na mfereji wa Nakivubo.

Kisenyi wanaishi akina nani? Wanaishi Waislamu wenzetu, Wasomali na wenyeji, wenye maduka madogo na vyumba vya chini. Maji machafu yakiingia kwenye godoro la mama aliyejifungua jana, tunasema ni kudra. Mvua ni kudra, kweli. Lakini ile saruji iliyomwagwa kutoka ukuta hadi ukuta iliandikiwa risiti na mtu mwenye jina. Mtume ametuambia kwamba Jibril alimsisitizia haki ya jirani mpaka akadhani jirani atapewa urithi. Nasi tunampelekea jirani yetu mafuriko, kisha tunakutana naye safu moja siku ya Ijumaa na kumuuliza habari za watoto!

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Najua yatakayosemwa, kwa kuwa yote nimeyasikia kikaoni.

Watasema: "Wanafunzi wanahitaji pa kulala." Ni kweli kabisa. Tangu miaka ya 1990, Makerere ilipoanza kupokea wanafunzi wengi wa kujilipia, vitanda vya ndani ya chuo havitoshi. Lakini waulizeni wanafunzi wenyewe hizo hosteli zikoje. Chumba hakina dirisha la maana kwa sababu jengo la jirani limegusa ukuta. Nguo zinaanikwa ngazini. Kijana anasoma mchana kwa taa ya umeme. Akitaka kupunga upepo, anatoka kwenda kukaa baa kwa sababu hakuna benchi wala kivuli kingine. Kisha tunashangaa vijana wetu wanaharibika! Zamani jaja aliwapangisha wanafunzi vyumba viwili vya uani. Walilipa kodi, walisoma chini ya mwembe, na Ramadhani walifuturu nasi kwenye mkeka mmoja. Mmoja wao, sasa daktari, bado huja kumsalimia jaja kila Idi. Je, yule mwenye bahasha atajenga undugu wa namna hiyo? Jenga vyumba, lakini jenga sehemu ya kiwanja, na uache ua upumue.

Watasema: "Ardhi ni yetu, tufanye tupendavyo." Ni yetu, lakini tutaulizwa tulivyoitumia. Hata sheria ya nchi haisemi hivyo. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2010 inataka kibali kabla ya kujenga. Wewe unayeuza, umemuuliza mnunuzi kibali chake? Au ukishahesabu noti yaliyobaki hayakuhusu?

Watasema: "Waqf? Nani ataisimamia? Hatujasahau mali za Waislamu zilizouzwa." Hapa nawakubalia, na ninasema kwa uchungu. Ugomvi juu ya mali hizo ndio uliochangia kutugawa, Old Kampala upande wake na Kibuli upande wake, na jeraha halijapona vizuri mpaka leo. Lakini mtu aliyeibiwa mbuzi haachi kufuga, hujenga zizi bora. Si lazima ukabidhi ua wako kwa ofisi yoyote. Familia inaweza kuweka wadhamini wake yenyewe, ikawasajili kwa mujibu wa sheria, ikaandika masharti wazi: chumba hiki kodi yake ilipe ada za wajukuu, kile kodi yake iende kwa wanafunzi wasiojiweza, ua na miti visiguswe. Hati zikae mahali zaidi ya pamoja, na hesabu zisomwe mbele ya watu kila mwaka.

Na tuwe waadilifu. Huwezi kuweka waqf fungu la mwenzio bila ridhaa yake, wala kugusa fungu la yatima. Mwenye kutaka chake apewe chake kamili. Ninachokataa ni ule mtindo wa ndugu wawili wenye sauti kubwa kuuza, na dada zao kuletewa karatasi ya kusaini chakula kikiwa tayari mezani.

"MTI HAULIPI ADA"

Sasa narudi kwa kaka yangu, ambaye namheshimu, na ambaye alinishika mkono kunipeleka madrasa nikiwa mdogo.

Kaka, tufanye hesabu. Hiyo bahasha tukiigawa kwa kanuni za mirathi, kila mmoja wetu atanunua kiwanja mbali huko, nje ya mji, na kitakachobaki kitakuwa gari kuukuu. Watoto wetu wataamka saa kumi za usiku kuwahi shule mjini, kwa nauli kila siku, na msikiti na chuo vilivyokuwa mlangoni kwao vitakuwa safari. Baada ya miaka kumi pesa itakuwa imekwisha, na binti yako akifaulu kwenda Makerere utamtafutia chumba. Utakipata wapi? Katika hosteli ile ile iliyosimama juu ya mfenesi wa babu yako, nawe utalipa kila muhula kwa mtu mwingine. Ndipo utakapojua ni nani alikuwa analipa ada!

Na kuna hesabu nyingine isiyoandikwa kwenye mkataba. Tumefundishwa kwamba Muislamu akipanda mti, kila ndege, mtu au mnyama atakayekula humo, aliyepanda huandikiwa sadaka. Jaja yupo hai, miaka imemlemea, lakini kila asubuhi anakaa barazani na tasbihi yake akitazama watoto wa jirani wanaookota maparachichi. Anawaacha waokote. Hajawahi kuwafukuza. Tukimkatia mti ule mbele ya macho yake, tutamwambia tumemkatia nini?

TUFANYE NINI?

Wazazi, kabla ya kuuza, iteni kikao ambamo wanawake wana sauti na wazee wanasikilizwa. Wenye viwanja, mkijenga, acheni sehemu ya udongo wazi na mti mmoja mkubwa usimame. Maimamu, hutubieni juu ya waqf ya familia na haki ya jirani wa bondeni, si juu ya mirathi peke yake. Wanafunzi, nyinyi mnasoma sheria, uhandisi na mipango ya miji. Njooni mtusaidie kuandika hizo hati, maana mzee aliyekuwa fundi cherehani hajui njia ya ofisi ya usajili.

Mwenye bahasha amesema atarudi baada ya Idi. Dada yangu na mimi tumeshasema mafungu yetu hayauzwi, na tumeomba yapimwe upande wa uani, palipo na miti. Kaka hajajibu. Jana alifika nyumbani jioni, akakaa barazani na jaja mpaka adhana ya Magharibi, na sikusikia akitaja bei.

Tuombeane dua. Wabillahi tawfiq.