Jina la Stanley na Majina ya Dirma

Wapo wasomi wasemao kwamba jina ni sauti tu, na kwamba mwenye kugombania majina hugombania kivuli akauacha mti. Maneno hayo ni mepesi kinywani, wala hayaongezi uzito yawekwapo mizanini. Nayapinga kwa ushahidi wa jina moja la Kiingereza lililoenea duniani, kisha nitamwomba msomaji anifuate mpaka Dirma, katika nchi ya Mbulu na Hanang, ambako shauri hili si mchezo wa maneno bali ni shauri la ardhi na makaburi.

Jina lenyewe ni Stanley. Huko Uingereza ni jina la ukoo wa mabwana wakubwa. Thomas Stanley alipewa ulodi wa Derby mwaka 1485, baada ya vita vya Bosworth, na cheo hicho kingali katika ukoo huo hata leo. Lodi mmoja wa ukoo huo aliyapa jina mashindano ya farasi ya Epsom mwaka 1780; neno likatoka kwa farasi likaingia katika mpira, hata kijana wa Kariakoo asemaye “dabi” ya Simba na Yanga hutaja cheo cha bwana asiyemjua. Mwingine alikuwa waziri wa makoloni, na mji mkuu wa visiwa vya Falkland ukaitwa Stanley. Mwingine alikuwa gavana mkuu wa Kanada. Bustani kubwa ya Vancouver ikaitwa kwa jina lake, na kadhalika kombe la mchezo wa magongo juu ya barafu.

Lakini Stanley tumjuaye sisi hakuwa wa ukoo huo. Alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini, akavuka bahari, na huko Marekani akajitwalia jina la mfanyabiashara mmoja wa New Orleans. Simcheki kwa umaskini wake, maana umaskini si aibu. Nataka tuone jambo moja tu: mtu asiye na ukoo wa kujivunia alivaa jina lenye sauti ya kilodi, na jina hilo likapanda milima, likashuka mito, likakaa ubavuni mwa vyombo. Maporomoko ya mto Kongo yaliitwa Stanley. Mji uliojengwa karibu nayo uliitwa Stanleyville. Stima iliyochukua watu wake mtoni mwaka 1887 iliitwa Stanley. Na mwaka 1906 mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia alipanda Ruwenzori, akaupa mlima mrefu kupita yote jina hilo hilo, na kilele chake chenye mita 5,109 akakiita Margherita, kwa heshima ya malkia wa kwao.

Ni nini basi kilicholieneza jina hili? Damu haikulieneza, maana hakuwa nayo. Bunduki zilisaidia, lakini bunduki huua watu wala haziandiki ramani. Kilicholieneza ni kalamu. Stanley aliandika, walio pamoja naye hawakuandika, au hawakuandikiwa.

Tazama safari ile iliyotoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874. Walitoka watu zaidi ya mia tatu. Walipofika Boma, karibu na bahari ya magharibi, mwezi wa Agosti 1877, walikuwa wamebaki zaidi kidogo ya mia moja. Mashua yao ilivunjwa vipande, ikachukuliwa mabegani na Waswahili na Wanyamwezi, ikaunganishwa tena majini. Nahodha wake alikuwa Uledi, mtu shujaa aliyeokoa wenzake wengi mtoni. Lakini mashua iliitwa Lady Alice, kwa jina la binti tajiri wa Marekani ambaye hakuwahi kuuona mto ule, na ambaye aliolewa na mtu mwingine kabla safari haijakwisha. Alice alipata chombo, Stanley alipata mlima, na Uledi alipata kutajwa katika kitabu cha bwana wake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mlima wa Uledi uko wapi?

Hapa watainuka wengine waseme: jambo limekwisha kutengenezwa. Stanleyville imekuwa Kisangani tangu 1966, na maporomoko yamerudishiwa jina la Boyoma. Nawapongeza waliofanya hivyo, lakini kazi hiyo ni nusu ya kazi. Kufuta jina la mgeni si sawa na kulihifadhi la mwenyeji. Na kwa hili ndipo naifikia Dirma.

Wenyeji wa Dirma na wilaya ya Hanang wamo Wadatoga, na kati yao Wabarabaig. Kuanzia takriban mwaka 1970 shirika la umma, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha katika wilaya hiyo mashamba saba ya ngano, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000, juu ya malisho bora ya wafugaji hao. Je, mashamba yale yalipewa majina ya malodi? La. Yaliitwa Basotu, Mulbadaw, Setchet, Gawal, Murjanda: majina ya nchi yenyewe. Jina lilibaki, mwenyewe akaondolewa. Wabarabaig walilalamika kwamba hata makaburi ya wazee wao, yale ambayo Mdatoga huyajenga kwa ibada ya miezi mingi, yalipitiwa na plau. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki na kushinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo, kwa kuwa haki ya kijiji juu ya ardhi haikuthibitishwa.

Msomaji, litafakari neno hilo: haikuthibitishwa. Jina la Mulbadaw lilikuwa kinywani mwa mawakili wa pande zote mbili, likapigwa chapa katika hukumu, lakini halikuweza kumshuhudia mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu lilichukuliwa kama kibandiko, likatengwa na habari zake: nani alilitoa, nani amezikwa pale, ng’ombe wa nani walikunywa maji yapi. Jina lililonyang’anywa habari zake ndilo huwa sauti tu. Basi msomi asemaye kwamba jina ni sauti haelezi tabia ya majina. Anaeleza dhuluma iliyokwisha kutendeka, na anaiita elimu.

Nawaambia wanafunzi wa vyuo vyetu: mwajua safari za Stanley mwaka kwa mwaka. Nendeni Dirma na daftari. Keti mbele ya wazee, wa kiume na wa kike, mwandike kila kilima, kila kisima na kila kaburi kwa Kidatoga na kwa Kiiraqw, pamoja na maana yake na jina la aliyewaambia, kwa idhini yake. Mtoto wa nyumba ya maskini aliliweka jina la kuazima juu ya mlima kwa nguvu ya wino. Itakuwa fedheha ikiwa sisi, wenye wino tele, tutashindwa kumwandikia mwenyeji jina ambalo hakuliazima kwa mtu.