Ligi Isihamishiwe Ng'ambo

Pambano la Villarreal na Barcelona, lililopangwa kuchezwa Miami, Marekani, Desemba 20, 2025, lilifutwa miezi miwili kabla ya siku yake. Lilistahili kufutwa. Linalosikitisha ni kwamba mpango huo ulivunjwa baada tu ya wachezaji, ambao hawakushauriwa, kusimama uwanjani kwa sekunde 15 bila kucheza.

Msingi wa ligi ni kwamba kila klabu hualika na kualikwa. Villarreal ni klabu ya mji mdogo wenye watu wapatao 50,000, na siku ijapo Barcelona si siku ya kawaida kwao. Kuwapokonya wenyeji siku hiyo ni dhuluma. Tena, kuiepushia Barcelona uwanja ule mgumu, ilhali Real Madrid haikuepushiwa, ni upendeleo. Hatushangai kwamba Real Madrid ilipinga.

Yasemwa kuwa mashabiki wa mbali nao wana haki. Hoja hii yatugusa sisi tuzionao timu hizi kwa televisheni tu. Lakini waliofikiriwa ni watu wa Miami, na wa Perth, Australia, ambako Milan na Como zingecheza Februari 2026 kabla ya mpango huo nao kuvunjika. Kinachofuatwa ni fedha, wala si mapenzi ya mashabiki. Kwa maonyesho, michezo ya kirafiki yatosha.

UEFA iliruhusu shingo upande, ikieleza kuwa kanuni za FIFA hazikuwa bayana vya kutosha. Basi kanuni yoyote itungwayo haina budi kuwapa wachezaji, na wenyeji wenye tiketi za msimu, uwezo wa kukataa kabla mkataba haujatiwa saini.